Mawe Chini ya Dero

Asubuhi niliyofunga safari, jirani yangu hapa Nkoroi alikuwa amesimama langoni kwake akiegemea fimbo. Ni mzee wa Kimaasai ambaye boma lake limebaki kama kisiwa katikati ya maghorofa ya kupangisha. Tulisimama pamoja tukitazama lori la mchanga likihangaika kupanda barabara yetu ya vumbi. "Unakwenda Nyanza kutazama nini, mwanangu?" akaniuliza. Nikamwambia nakwenda kutazama maghala, yale ya kusukwa kwa fito na kuezekwa kwa nyasi, waliyokuwa wakiwekea mtama na wimbi.

Alinyamaza kidogo. "Kikapu kikubwa," akasema.

"Ndiyo, mzee. Kikapu kikubwa."

"Sisi ghala letu lilikuwa likitembea."

Nkoroi iko kando ya Barabara ya Magadi, kati ya Ongata Rongai na Kiserian, na ukipanda juu ya paa la ghorofa lolote utaiona milima ya Ngong imejipanga upande wa machweo. Ghala la kale la nafaka huwezi kulipata hapa, maana wenyeji walikuwa wafugaji. Maziwa yalikaa kwenye vibuyu vilivyofukizwa kwa vijinga vya oloirien, mzeituni wa mwituni, na akiba ya mwaka mzima ililala zizini ikicheua. Ukame wa mwaka 2009 uliiramba akiba hiyo. Ule uliofikia kilele mwaka 2022, baada ya misimu mfululizo ya mvua kukosekana, ukaja kumalizia. Mzee amebaki na ng'ombe wanne, na malisho yao ni ukanda wa nyasi kando ya lami. Kwingine kote ni ploti za hamsini kwa mia, na unga sote tunanunua dukani, pakiti ya kilo mbili, iliyotoka tusikokujua.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kwenda. Nyanya yangu, mzaa mama, alikuwa na ikumbi, ghala la nafaka la Kikuyu, huko Kiambu. Kwa Wagikuyu ikumbi ilikuwa mali ya mke. Kila mke na yake, karibu na nyumba yake, na mumewe hakwenda kutia mkono humo bila kumwambia mwenyewe. Ya nyanya ilikuwa imezeeka, kuku wakitagia chini yake. Nilikuwa darasa la pili alipofariki. Wajomba waliivunja siku iyo hiyo kwa kuwa kuni zilikuwa haba, na fito zake ndizo zilizochemsha chai ya matanga. Naikumbuka harufu ya moshi ule, mkavu, wenye utamu kidogo. Hakuna aliyeona kosa lolote, hata mama yangu. Miaka mingi baadaye, tulipopelekwa na shule Bomas of Kenya, mahali palipoanzishwa mwaka 1971 ili kuonyesha makazi ya jamii zetu, niliona ghala la kusukwa nikasimama pale mpaka mwalimu akarudi kunitafuta.

Ngong nilipapita mapema, ukungu ukiwa bado juu ya vilima. Mahali hapa pana historia ambayo wengi wetu tunaopanga foleni kwenye matatu zake hatuijui. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilipiga kambi karibu na hapa, mahali walipopaita Ngongo Bagas, ili kununua chakula cha kuvukia Bonde la Ufa na nchi ya Wamaasai. Msafiri wa Kizungu Joseph Thomson alipita mwaka 1883, na mwaka 1887 wakaja wengine, Teleki na von Höhnel, na wapagazi wao mamia. Mamia ya watu huwezi kuwalisha kwa kuwinda. Chakula kilitoka kwenye ikumbi za wanawake wa Kikuyu upande wa pili wa msitu: mtama, maharagwe, wimbi, na mahindi. Hata misafara isipokuwapo, wanawake wa Kikuyu na wa Kimaasai waliendelea kubadilishana nafaka kwa maziwa na ngozi, na biashara hiyo haikukoma hata waume zao walipokuwa vitani. Kwa hiyo ghala lile lililotembea na kikapu kile kikubwa vilijuana zamani. Niliwaza hayo gari likiteremka kuelekea Suswa, bonde likifunguka mbele yetu kama mkeka uliokunjuliwa.

Narok ni nchi ya ngano. Mashamba yanakwenda mpaka macho yachoke, na mashine za kuvuna zimeegeshwa kando ya njia kama ndovu waliolala. Nafaka ya huku haipiti mikononi mwa mtu. Inatoka kwenye mashine, inaingia lorini, na kutoka lorini inaingia kwenye ghala la chuma. Sisemi ni vibaya. Nchi ya watu zaidi ya milioni hamsini haiwezi kula kutoka kwenye vikapu. Wenzetu Tanzania wamefanya jambo moja la kupendeza: maghala marefu ya chuma ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula huyaita vihenge vya kisasa. Kihenge ni neno la kale la ghala la kusukwa. Fito zimekwenda, nyasi zimekwenda, jina limepanda likakaa juu ya chuma.

Kuna kitu kingine Narok nilichotaka kukiona, na dereva alikubali kusimama. Katikati ya mbuga kavu kuna mabaka ya nyasi mbichi, mviringo, kana kwamba mtu amemwaga maji hapo peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipima mabaka ya namna hiyo katika kaunti hii, ukakuta ni mahali palipokuwa mazizi ya wafugaji wa kale, miaka kati ya 1,500 na 3,700 hivi iliyopita. Samadi yao bado inarutubisha ardhi, na wanyama wa porini bado wanakusanyika hapo kula. Nilimpigia picha mzee wangu wa Nkoroi. Ghala lililotembea nalo huacha alama mahali lilipolala.

Kericho na chai yake nilivipita usingizini.

Kisumu joto lilinipokea stendi. Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa mwaka 1980, lina sehemu iitwayo Ber-gi-dala, boma zima la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi. Kuna nyumba ya mke wa kwanza, inayotazamana na lango, kisha ya mke wa pili na wa tatu, kila moja mahali pake palipopangwa na mila. Kuna nyumba ya mtoto wa kiume wa kwanza, zizi, na maghala. Kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, ghala huitwa dero. Limesukwa kama yai lililokatwa juu, limenyanyuliwa kutoka ardhini, na paa lake la nyasi limekaa juu kama kofia. Halikupigiliwa, unaweza kuliinua.

Nilikuta darasa la watoto wa mjini, sare za samawati, wamelizunguka. Kijana aliyekuwa akiwaongoza aliwauliza ni kitu gani. Mmoja akasema nyumba ya kuku. Mwingine akasema choo, wenzake wakacheka. Msichana mdogo mwenye miwani akanyoosha mkono akasema, "Ni kofia ya jitu." Yule kijana hakuwacheka hata kidogo. Aliwaita karibu, akaliinua paa upande mmoja kwa kijiti chenye panda, akawaambia wachungulie. Ndani mlikuwa safi, mmefagiliwa, hamna kitu. "Chakula cha nyumba nzima kilikaa humu," akawaambia, "na aliyejua kimebaki kiasi gani ni mama peke yake." Watoto wakanyamaza. Nadhani wengi wao walikuwa wakiwaza mama zao na droo ya unga jikoni.

Nikakaa na kijana huyo baada ya watoto kwenda kuwaona mamba. Alinieleza kazi ya kulitunza boma lile. Mchwa hawapumziki, na nyasi za paa huoza. Kila baada ya misimu michache kitu hubadilishwa, fito hapa, paa pale, na baada ya muda hakuna ufito uliobaki wa mwanzo. Nikamuuliza kama basi bado ni dero ile ile. Akafikiri. "Hata kijijini ilikuwa hivyo hivyo," akasema. "Dero haikuwahi kuwa ya zamani."

Kauli yake ilinikaa moyoni. Nchi nyingine zina maghala ambayo umri wake unahesabika. Kaskazini mwa Hispania, katika Galicia na Asturias, kuna maghala ya mawe na mbao yanayosimama juu ya nguzo, na tangu mwaka 1973 amri ya serikali inayalinda yote yaliyotimiza miaka mia moja. Kusini mwa Morocco kuna ngome za nafaka za kijiji kizima, kila familia na chumba chake na ufunguo wake. Mawe yanaweza kungojea sheria. Sheria yetu ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inapotaja kifaa cha kale inaanza kuhesabu kabla ya mwaka 1895, ingawa jengo la umri wowote linaweza kutangazwa kuwa la kulindwa. Sasa dero ipi itafikisha miaka hiyo? Ghala la fito ukiliacha liote mvi, litaanguka. Ukilitunza inavyotakiwa, litakuwa jipya daima. Sheria inayotafuta uzee haitaliona, na ndiyo maana maghala ya fito yamekwisha mbele ya macho yetu bila mtu kupiga yowe.

Jioni nilikula samaki wa kukaangwa kando ya ziwa, upepo ukivuma kutoka kwenye maji, nikalala mapema.

Safari ya kwenda Migori, na kutoka hapo kuingia ndani kwenye barabara ya Macalder, ilinichukua siku nzima. Thimlich Ohinga imesimama juu ya mwinuko wenye vichaka, mahali ambapo jina lenyewe linakuambia palikuwa msitu wa kuogofya. Ni kuta za mawe makavu, yaliyopangwa bila udongo wala saruji, kwingine zikipita kimo cha mtu mara mbili. Zimesimama yapata karne tano. UNESCO iliziweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Unaingia kupitia mlango mfupi, umeinama, kama mtu anayeingia kwa mkwewe kwa heshima. Mlinzi aliniambia ilikuwa makusudi: adui akiinama, kichwa chake ndicho kinachotangulia.

Ndani kulinigusa kitu kidogo. Kuna mawe ya kusagia yaliyochimbika kwa matumizi, mfereji laini kama ndani ya kiganja. Niliweka mkono wangu pale nikausukuma mbele na kuurudisha. Ukubwa wake ulinitosha. Mwanamke aliyesaga hapo alikuwa na mkono kama wangu. Lakini nafaka aliyoisaga aliitoa wapi? Iliwekwa ndani ya nini? Ukuta unaozuia chui upo, jiwe la kusagia lipo, na mawe yenye vishimo vya bao yapo. Kilichobeba chakula chenyewe, ambacho bila hicho ukuta haukuwa na cha kulinda, kimekwenda na upepo. Watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuona kuta hizi, nami nilikuwa mmoja wao, na kuta zinastahili. Ila nilitoka pale nikiwa na hamu zaidi ya kuona fito.

Nilikuwa nimeelekezwa kwa nyanya mmoja ambaye bado ana dero, anayeishi upande wa Nyatike, mahali ambapo ukisimama juu ya kichuguu unaona ziwa limelala kama ukanda wa fedha. Nilifika jua likiinama. Mbwa walibweka, kisha sauti ya mwanamke ikawanyamazisha.

"Hodi, nyanya."

"Karibu, karibu. Donj. Wewe ndiye nyar Kajiado?"

Binti wa Kajiado! Sijawahi kuitwa hivyo, na mzee wa Nkoroi angekuwa na neno la kusema, lakini nilikubali. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanikalisha kwenye kiti cha mbao chini ya mwembe. Tulikula kabla ya kuzungumza jambo lolote: ugali wa mtama na muhogo, wa kahawia, mzito, unaong'ang'ania vidole, kwa omena na osuga, mnavu uliochemshwa kwa maziwa mpaka uchungu ukaisha. Ugali ule hauliki kwa haraka. Nimezoea sima nyeupe ya pakiti, inayoshuka tumboni na kusahaulika. Huu uliniambia umetoka shambani, una mchanga kidogo, una harufu ya moshi.

"Huo mtama," akasema, akielekeza kidevu, "umetoka pale."

Dero yake ilikuwa mbele ya nyumba, kushoto. Nilikuwa nimeipita nilipoingia bila kuitambua, kwa kuwa kuku walikuwa wamelala chini yake na mashati ya wajukuu yameanikwa pembeni. Haikuwa kubwa, kifuani kwangu hivi kabla ya paa, imenenepa katikati, imekandikwa samadi na udongo kwa nje ili punje ndogo za mtama zisipenye. Samadi ilikuwa imepasuka vipande vipande kama ufinyanzi wa zamani, na penye ufa ungeziona fito, zimepishana, moja juu moja chini.

Nilimuuliza ina umri gani. Alicheka, akaita, "Njoo." Tulichutama pamoja, magoti yake yakilia. Akaipigapiga kwa kiganja. "Hii hapa nilikandika mwaka juzi. Hizi fito, kabla ya ugonjwa ule wa korona. Paa, mwaka huu, baada ya mvua ya mawe." Kisha akaingiza mkono chini, kuku wakatawanyika, akaligusa jiwe. "Haya ndiyo ya zamani."

Yalikuwa mawe saba, meusi, yamelainika kwa juu mahali magogo yanapokaa. Baba mkwe wake aliyateremsha kutoka kilimani alipomjengea mama mkwe. Kisha yeye na mumewe walipotoka kuanzisha boma lao, kwa mila ile ya mume kutangulia na mwanawe wa kiume wa kwanza, jogoo na shoka, mama mkwe alimwambia arudi na mkokoteni ayachukue. "Alisema mimi nimezeeka, nalishwa na nyinyi. Mawe yafuate chakula." Nyanya alilisema hilo akiwa bado ameshika jiwe. Mama mkwe alifariki mwaka ule ule.

Asubuhi yake nikaona dero ikifunguliwa. Aliinua paa upande mmoja, akanipa kijiti chenye panda nikishikilie, kisha akamnyanyua mjukuu wa miaka sita hivi, akamtumbukiza ndani kwa miguu. Mtoto akatoweka. Nikasikia sauti ya ungo ukikwangua nafaka, sauti kavu kama mvua ya mbali kwenye majani, na vumbi jepesi likapanda kwenye jua. Mkono mdogo ukatokea na ungo uliojaa masuke ya mtama, mekundu ya kutu. Nyanya akapokea, akapima kwa macho, akarudisha kidogo. "Yatosha." Nilikuwa nimeshika paa kwa nguvu zangu zote, nikiogopa kumfunika mtoto, na mikono ilitetemeka mpaka alipotolewa.

Lakini mahindi yake hayakai humo. Yamo ndani ya nyumba, kwenye mifuko ile mizito isiyopitisha hewa. Nilipomuuliza sababu, alitaja jina moja tu: "Osama." Ndivyo wakulima wengi wa Kenya wanavyomwita dumuzi, mdudu yule mdogo wa kahawia aliyetoka Amerika ya Kati. Alionekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1983 akavuka mpaka hadi Taveta. Fukusi tuliyemzoea hula mahindi polepole. Huyu huyageuza unga. Na kwa asili ni mtoboaji wa mbao, kwa hiyo akishamaliza mahindi anaingia kwenye fito za ghala. Mdudu huyu ni sababu moja ya watu kuyaacha maghala ya fito.

Wezi nao wakachangia. Njaa inapoingia, dero iliyo nje inakuwa kishawishi, na watu wakahamisha mavuno chumbani, hata kabla hayajakauka. Hilo lilikuja kugharimu maisha. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa sumukuvu iliyo kwenye mahindi, na 125 wakafa. Watafiti walipolinganisha kaya zilizougua na zile zilizosalimika, moja ya tofauti waliyoiona ilikuwa hii: waliougua walikuwa wameweka mahindi mabichi ndani ya nyumba, badala ya ghalani. Hewa ilikuwa ndiyo dawa. Kikapu kile kilichokuwa kikivujisha upepo kila upande, ambacho wataalamu wengi walituambia ni cha kizamani, kilikuwa kinakausha chakula usiku na mchana. Nyanya hajasoma utafiti huo. Alisema tu, "Nafaka inapumua. Ukiifungia ikiwa mbichi inakasirika." Mifuko ya kisasa nayo inafanya kazi yake vizuri, mradi mahindi yakauke kwanza, chini ya asilimia 13.5 ya unyevu, na yeye huyakausha juani mpaka punje ilie ukiing'ata. Anatumia vyote viwili, bila kuona aibu kwa dero wala kwa mfuko.

Fito zenyewe si zile za zamani. Vichaka alivyokuwa akivikata mumewe vimekwisha, vimegeuka makaa na mashamba. Siku hizi hutumia lantana, kile kichaka chenye maua mekundu na manjano kilichovamia malisho kila mahali, hata huku kwetu Kajiado. Nayo ilitoka Amerika, kama mahindi, kama dumuzi. Nilimwambia hivyo, akashangaa, akayatazama maua yaliyokuwa kwenye uzio wake kana kwamba ni mgeni aliyekuwa amekaa nyumbani kwake miaka yote bila kutaja kwao. "Basi afanye kazi," akasema.

Tatizo lake kubwa lilikuwa mkono. Kusuka dero ni kazi ya wanaume. Kukandika ni ya wanawake. Mumewe alikufa miaka tisa iliyopita, na msukaji wa mwisho kijijini haoni tena. Dero ya pili, iliyokuwa ya wimbi, ilianguka msimu uliopita, yakabaki mawe yake matano, mbuzi wakiyapanda. Wajukuu wa kiume wako Nairobi, Migori, na machimbo ya dhahabu ya Macalder. Nilifikiri habari ingeishia hapo, kama ikumbi ya Kiambu.

Siku ya tatu mmoja wao alifika, kijana wa bodaboda, koti la kuakisi mwanga begani. Aliegesha pikipiki chini ya mwembe, akavua viatu, akaketi chini katikati ya rundo la lantana lililochunwa majani tangu jioni, bado likitoa ile harufu yake kali. Nyanya hajawahi kusuka hata safu moja maishani mwake. Lakini miaka arobaini na zaidi amemtazama mumewe akisuka, na macho yake yalikuwa yamehifadhi kila kitu. Alikaa kwenye kiti, fimbo mkononi, akaelekeza. Ule mnene usimame. Mwembamba uupitishe nyuma. Kaza. Usikaze hivyo, utavunjika. Simu ya kijana ililia mfukoni, mteja, akaiacha ilie. Kufikia saa nne alikuwa na duara lililofika magotini, na nililiona zuri, nikataka kupiga picha.

Nyanya aliinuka. Akalizunguka duara lile polepole, akapitisha kidole kati ya fito, hapa kikakwama, hapa kikakwama, pale kikapita. Akasimama hapo.

"Panya ataingia," akasema.

Kijana alitazama safu tatu za juu, kazi ya karibu saa nzima. Alifuta jasho kwa mgongo wa mkono, akachomoa ufito wa kwanza, kisha wa pili, akaziweka chini moja moja kwa mpangilio, ili azitumie tena.